ED ya Wiki Sita

Newala, Jumanne 5 Septemba 2023

Mgonjwa wa mwisho asubuhi hii amenisihi nisimpe mapumziko. Kila tabibu anawajua wale wanaokuja kutafuta ED, yaani cheti cha kupumzishwa kazi, ya siku tatu kwa mafua. Huyu alinishika mkono nilipovuta kitabu. "Dokta, nakuomba. Niandikie dawa ya maumivu tu. Karatasi hiyo ikifika ghalani, nafasi yangu anapewa mwingine."

Ni kuli, amevuka miaka arobaini. Ana ngiri ya kinena upande wa kulia. Akilala inarudi, akisimama na mzigo inatoka. Kazi yake ni magunia ya tajiri mmoja: ufuta unapoanza Juni, mbaazi zinapofuata Agosti, kisha korosho toka Oktoba mpaka Januari. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Linatoka kwenye mizani, linapanda juu ya rundo, linashushwa, linapandishwa lori, na kote huko linapita juu ya bega lake.

Nimemweleza kwamba hakuna kidonge kinachorudisha ngiri mahali pake. Dawa yake ni kisu, na baada ya kisu ni wiki sita bila kunyanyua kitu kizito. Akauliza wiki sita kuanzia lini. Nikamwambia kuanzia siku ya upasuaji. Akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa. "Korosho zinaanza Oktoba, dokta."

Hapa Newala maneno hayo yanatosha. Miezi hiyo ndiyo inayolipa ada, mabati na madeni ya dukani. Atakayekosa msimu atauona mwaka mzima. Nimemwandikia hata hivyo: siku 14 asibebe mzigo, pamoja na barua ya rufaa kwa daktari wa upasuaji. Nimeandika kwa herufi zinazosomeka, na namba yangu ya usajili chini yake.

Newala, Ijumaa 8 Septemba

Mke wa kuli yule ameirudisha ED. Karani wa ghala amempa majibu mawili. La kwanza, zahanati haina daktari na sahihi ya tabibu haitambuliki. La pili, mumewe ni kibarua, na kibarua akiugua anakaa kwake.

Usiku nimefungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kwenye simu. Sheria hii ilitungwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nimekuwa nikisoma kifungu, nakiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, kisha nasoma tena kama ninavyosoma maelekezo ya dawa ngeni.

Kifungu cha 32: mfanyakazi anastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata analipwa nusu. Sharti ni cheti cha matibabu. Cheti hicho kinatoka kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtoa tiba mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri haruhusiwi kumkataa bila sababu ya msingi. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Aliyeandika maneno hayo alijua kuwa nchi hii ina vijiji ambavyo daktari wa karibu yuko mwendo wa siku nzima. Zahanati karibu zote za uwanda huu zinaendeshwa na sisi matabibu na wauguzi. Kama sahihi yetu haitoshi, basi likizo ya ugonjwa ni ya watu wa mjini peke yao.

Nimegawa 126 kwa miaka mitatu: ni siku 42 kwa mwaka, yaani wiki sita kamili. Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri binafsi kumlipa mtu aliyelala kitandani. Iliyopo, ya mwaka 1993, inawapa baadhi ya wafanyakazi wiki 12 za kukaa nyumbani bila malipo, ila tu kazi yao inalindwa. Kwa maandishi, kuli wa Newala ana ulinzi ambao wabeba mizigo wengi wa Marekani hawana. Na bado anaogopa kuipokea karatasi yenyewe.

Masasi, Jumamosi 16 Septemba

Tumemzika mjomba jana. Nimeteremka mlima alfajiri ya juzi kwa gari la abiria, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na nilipoona yale majabali ya Masasi nikajua kuwa nimechelewa kumwona.

Mdogo wangu amefika makaburini akiwa amevaa sare ya kazi. Anafanya kazi kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini: kufua mashuka, kupokea wageni, kulala mapokezi zamu ya usiku. Aliomba siku nne, akapewa saa za mazishi tu. Bosi wake amemwambia, "Mjomba si baba."

Nimekitafuta kifungu cha 34, nikakuta kwamba katika hili mwajiri yule ana pa kusimamia. Siku zisizopungua nne za malipo zinatolewa mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufariki, na anapofariki mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Mjomba hayumo.

Kwetu sisi Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao tuliochanganyika nao hapa Masasi, ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye aliyetusimamia unyagoni na jandoni, ndiye aliyekaa mbele posa ilipokuja, ndiye aliyeamua nani alime shamba lipi la mikorosho. Marehemu huyu alimlipia mdogo wangu ada mpaka kidato cha nne. Bila yeye asingejua kusoma mkataba, kama angepewa mkataba. Sheria iliyotungwa kwa nchi nzima imehesabu ndugu kwa desturi moja, na watu wa kusini tumeachwa nje ya hesabu hiyo. Jambo hili linarekebishika kwa maneno machache, kwa kuongeza "na mlezi au mkuu wa ukoo kwa mujibu wa desturi". Wabunge wetu wa Masasi, Newala na Tandahimba wote wana wajomba. Walipeleke Dodoma.

Masasi, Jumapili 17 Septemba

Mdogo wangu amekuja baada ya zamu, tumekaa barazani na mama. Hajapata likizo ya mwaka tangu aanze kazi pale. Bosi anamwambia kuwa siku zisizo na wageni ndiyo likizo yake.

Nimemsomea kifungu cha 31. Kila miezi 12 ya kazi inazaa siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo, sikukuu zikihesabiwa humo humo. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, lakini hawezi kuisogeza zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 kama mfanyakazi amekubali na kazi yenyewe inadai hivyo. Malipo yatolewe kabla likizo haijaanza. Na mtu akiachishwa au akiacha kazi, zile siku alizonyimwa zinalipwa pamoja na stahiki zake nyingine. Mama akauliza, "Kwa hiyo anamdai?" Nikasema ndiyo, mama, anamdai.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema Mkapa alikuwa mtu wa hapa hapa. Ni kweli. Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, wilaya hii ya Masasi, mwaka 1938, na huko huko akazikwa Julai 2020. Yeye ndiye aliyekuwa Rais mwaka 2004 sheria hii ilipopitishwa na kutiwa saini, pamoja na pacha wake Namba 7 iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wanamkumbuka kwa kubinafsisha mashirika na kwa daraja la Rufiji. Mimi nitamkumbuka pia kwa kifungu cha 29, ambacho nimekisoma leo mara nyingi kwa sababu sikuamini macho yangu.

Kifungu hicho kinaanza kwa kufunga mlango: aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Kisha kinaufungua. Mfanyakazi wa msimu anastahili. Na aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yule yule anastahili, ikiwa vipindi vyote vikijumlishwa vinazidi miezi sita. Ufuta, mbaazi, korosho. Ni kama mtu alikuja Newala, akakaa mlangoni pa ghala lile, akahesabu.

Mdogo wangu amenakili vifungu vyote kwenye daftari lake la zamu. Ameniambia hatagombana na mtu. Ataandika barua ya kuomba likizo, nakala abaki nayo, na amwombe bosi asaini kuipokea. Amepanga vizuri kuliko ambavyo ningempangia.

Newala, Jumatano 20 Septemba

Nimekuwa nikimfikiria babu mzaa mama. Alikwenda Tanga kukata mkonge, kama maelfu ya Wamakonde na Wamakua wa zama zake. Walioandikishwa na kusafirishwa waliitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, na kusini hii ilikuwa moja ya sehemu walizozitegemea.

Alitusimulia habari za kipande. Ilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anatia alama. Nafasi zote zikijaa ndipo unalipwa. Siku ya homa haikuwa na alama, haikuwa siku. Babu alisema mwenzake mmoja aliugua kipande kikiwa kimebakiza nafasi chache, akawa anabebwa na wenzake kwenda shambani, wanamkatia wao ili alama itiwe. Alikuwa akifika hapo anaacha kusimulia.

Ghala la huku lina daftari la karani. Gunia limebebwa, mstari umechorwa. Hakuna gunia, hakuna mstari. Karani anaamini kwa dhati kwamba malipo ya kipande yanamwondolea mtu likizo, na simlaumu sana, ndivyo alivyokuta. Lakini kifungu cha 26 kimelitazama hilo pia: anayelipwa kwa kipande, wastani wa malipo yake ya wiki 13 zilizopita ndio unaotumika kumhesabia. Daftari lile lile linalotumika kumnyima ndilo litakalotoa hesabu yake.

Newala, Jumatatu 25 Septemba

Ngiri imekwama. Ameletwa na bodaboda jana saa mbili usiku, amekunjamana, anatapika, kinena kigumu hakiguswi. Alikuwa anapakia mbaazi za mwisho. Zile siku 14 hakupumzika hata moja.

Kukwama maana yake utumbo umebanwa na damu haifiki. Kila saa inayopita, kipande hicho cha utumbo kinakaribia kuoza. Nimemwekea dripu na mpira wa kutolea haja ndogo, tumetafuta gari, mkewe ameuza simu kwa jirani ili mafuta yapatikane. Wameteremka kwenda Ndanda. Hospitali ile ya Wabenediktini imeokoa watu wa kusini tangu kabla ya Uhuru, na usiku kama huu ninamshukuru Mungu kwamba ipo.

Alfajiri mkewe amepiga kwa simu ya mtu. Wamefungua tumbo, utumbo ulikuwa bado hai. Anaishi.

Nina hasira na sitaki kuificha humu, maana hapa ndipo pekee ninapoweza kuiweka. Tarehe 5 ilikuwa ngiri ya kupangiwa siku ya upasuaji, mtu anakwenda kwa miguu yake, anarudi baada ya siku chache. Imekuwa dharura ya usiku kwa sababu alichagua kati ya tumbo lake na nafasi yake ghalani, na hakupaswa kupewa uchaguzi huo. Malipo ya siku za ugonjwa yanaitwa mzigo kwa mwajiri. Sisi tulioko kwenye chumba cha tiba tunaona gharama inakokwenda yasipolipwa.

Newala, Jumanne 10 Oktoba

Karatasi ya Ndanda haina utata: daktari aliyesajiliwa, mhuri, wiki sita bila kazi nzito. Mkewe ameipeleka leo kwa tajiri mwenyewe, siyo kwa karani. Tajiri alimpokea vizuri, akampa pole, akamwagizia soda. Kisha akamwambia kwamba hana mkataba na mumewe, kwa hiyo hakuna cha kulipa, na kwamba bega lingine limeshapatikana. Akaongeza kuwa kama angetaka ubaya angemwandika mtoro, maana aliondoka bila kuaga.

Nimemwandikia mkewe majibu kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, aikunje aiweke.

Kuhusu utoro: mwongozo wa nidhamu wa mwaka 2007 unazungumzia kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika. Kulazwa na kupasuliwa ni sababu, na cheti ndicho ushahidi.

Kuhusu mkataba: kukosekana kwa maandishi hakumwondolei mtu ajira. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa: kwamba anapangiwa namna ya kufanya kazi, au saa zake, kwamba anategemea kipato kwa yule anayemfanyia kazi, kwamba amefanya kazi kwake wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Kuli anazimaliza ndani ya wiki moja ya msimu. Na kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinasema maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa kuyatoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Tajiri anaposema "hatuna mkataba" anaeleza upungufu wake mwenyewe.

Kifungu cha 16 kinamtaka pia abandike mahali pa wazi tamko la haki za wafanyakazi. Nimeingia ghala lile zaidi ya mara moja. Ukutani kuna kalenda na bei ya mnada.

Newala, Jumamosi 14 Oktoba

Siku ya Nyerere. Sikukuu, lakini malori yanapakia. Kufanya kazi sikukuu kunalipwa mara mbili ya kiwango cha kawaida. Nimewauliza vijana wawili waliopita kufungwa vidonda vya mikono. Wamelipwa kwa gunia, bei ya jana.

Newala, Ijumaa 3 Novemba

Kuli amekuja mwenyewe, anatembea taratibu, kovu limepona vizuri. Wiki sita zake zinaisha Jumatatu. Nimemkagua, nikamwambia hata baada ya hapo aanze na vitu vyepesi, na hilo nimeliandika.

Tajiri alituma shilingi 30,000 kupitia karani kwa jina la pole. Mkewe alizipokea, akamtaka karani aandike kwenye daftari: malipo ya sehemu ya likizo ya ugonjwa. Karani akakataa. Basi mama yule akaandika mwenyewe kwenye karatasi, tarehe na kiasi, akamwita jirani awe shahidi. Hakusoma zaidi ya darasa la saba. Laiti waajiri wangetunza kumbukumbu namna hiyo.

Tumepiga hesabu pamoja mezani kwangu, baada ya wagonjwa kwisha. Tumechukua wastani wa wiki 13 kutoka kwenye vikaratasi vya karani walivyokuwa wakivihifadhi ndani ya Biblia, kisha siku 42 za mshahara kamili, maana hajafika hata kwenye zile 63. Tumetoa 30,000. Kiasi kilichobaki kinalipa ada ya watoto wake wawili na deni la mafuta ya gari la usiku ule.

Ameniuliza kama akidai hatapata kazi tena kwa tajiri yeyote hapa mjini. Sikumdanganya. Nimemwambia wapo watakaomkwepa, na kwamba makuli wenzake kumi na zaidi wanangoja kuona yeye atafanya nini. Mkewe ndiye aliyejibu: "Tunakwenda."

Fomu ya Tume namba moja nimeichapisha stendi. Ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iko Mtwara mjini, kilometa zaidi ya 100 kutoka hapa. Kufungua shauri hakulipiwi. Wanachotafuta ni nauli tu. Msuluhishi ana siku 30 za kuwakutanisha. Nakala ya fomu lazima apewe tajiri kwanza, na apokee kwa sahihi. Vyeti vyote viwili viambatanishwe, changu cha Septemba na cha Ndanda.

Madai ya aina hii yanapelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Tajiri alikataa tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo siku zinaisha tarehe 9 Desemba. Tarehe hiyo ni Jumamosi na ni sikukuu ya Uhuru. Fomu ifike Mtwara kabla ya Ijumaa tarehe 8 kwisha.